Sahani Kumi na Mbili Chini ya Kikwembe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nafasi ni moja. Daktari Florentin, mkuu wa labo yetu, ametangaza asubuhi: atakayepata bakteria sugu kwa dawa kwenye chakula cha soko atakwenda Kinshasa miezi sita kujifunza kusoma jeni zao. Tuko wawili, mimi na Yannick. Yannick anapiga mluzi kazini! Mtu wa namna hiyo asome jeni? Nisipoondoka Kindu mwaka huu, sitaondoka tena. Vita vimeshafunga barabara.

Nimenunua samaki wa kukaushwa, mbuzi wa kuchoma, kwanga ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyolala. Sahani kumi na mbili za kuoteshea bakteria. Yannick ana tatu. Maskini.

Jumanne, 4 Machi

Umeme hakuna. Jenereta haina mafuta. Kabati la joto limepoa kama kaburi. Bakteria wanataka joto la mwili. Mwili ninao! Nimezifunga sahani zote tumboni kwa kikwembe changu cha kitenge. Jirani yangu Mama Rachida kaniona, akapiga vigelegele, akauliza baba ni nani. Nimemwambia ni kazi ya serikali. Akasema wote husema hivyo.

Kila nusu saa nafungua, nachungulia, nagusagusa. Hakuna kitu. Nafunga. Nafungua tena. Yannick ameandika kwenye daftari la labo kwamba zake zimeharibika, akaenda kunywa chai. Huyo ndiye mpinzani wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Zimeota! Zote! Nimeweka juu yake vikaratasi vyenye dawa za kuua bakteria, aina tano. Bakteria wamemea hadi ukingoni mwa kila kikaratasi, kama nyasi kuzunguka jiwe. Habari mbaya kwa wanadamu. Nimecheka peke yangu. Halafu nimeona aibu. Halafu nimecheka tena.

Kesho vichupa kumi na viwili, kimoja kwa kila sahani, vinapanda ndege kwenda Kinshasa. Na cha kumi na tatu, cha uhakiki: pamba iliyopangusa mkono wa mfanyakazi. Mkono wangu. Utaratibu tu.

Jumanne, 1 Aprili

Kinshasa wamesoma jeni. Bakteria wa vichupa vyote ni ukoo mmoja, na ni ukoo wa kichupa cha kumi na tatu. Hawakutoka kwa samaki wala mbuzi. Wametoka tumboni mwangu, wakapitia vidoleni hadi sahanini kila nilipogusagusa.

Daktari Florentin hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kauliza tumbo likiniuma nameza nini. Ampicillin, nikasema, kidonge kimoja au viwili, hadi maumivu yaishe. Mara ngapi kwa mwaka? Nikahesabu kwa vidole, vikaisha. Akasema basi wadudu hao nimewasomesha mwenyewe, na sasa wana diploma kunizidi. Niache vidonge, ninawe mikono, huenda watapungua.

Nafasi ni ya Yannick: hakupata kitu, lakini aliandika ukweli. Kaja polepole, kwa heshima ya mdogo kwa dada mkubwa: "Yaya Pélagie, nikuletee sabuni kipande ao muche muzima?"

Nimelia chooni. Nimenawa. Nimelia tena.

Jumatano, 2 Aprili

Nimesoma ripoti upya. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: ukoo huu haujawahi kuonekana kwenye labo yao. Wanautaka zaidi. Na unakaa wapi? Ndani yangu! Basi Yannick aende kama mwanafunzi, mimi nitakwenda kama sampuli. Nimewaandikia barua, nimeomba kiti cha dirishani.

Ila wadudu wasije wakapungua kabla ya jibu. Nimepita dukani, nimenunua ampicillin sita. Nimemeza mbili, ingawa tumbo haliniumi hata kidogo.