Damu ya Mzee na Nyeupe

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya aibu kwa mji huu. Naandika kalamu ikitoboa karatasi. Si uzee. Hasira.

Nieleze kwa utaratibu, maana watakaosoma shajara hii baada yangu watataka kujua. Mji wetu umepata klabu ya wanawake ya soka la kulipwa. Ya kwanza. Jambo jema, sikatai. Leo wananchi tuliitwa kwenye ukumbi wa shule tuichagulie jina na rangi, kwa sababu Kocha anasema klabu lazima ifanane na watu wake. Sawasawa kabisa! Nilikwenda na jibu mfukoni. Mji huu uliwahi kuwa na klabu, nayo iliitwa Radi. Jezi: damu ya mzee na nyeupe. Wimbo: beti tisa. Mtunzi wa wimbo: mimi. Katibu mkuu: mimi. Radi ilikufa kwa sababu ambazo si lazima kuzieleza hapa.

Nikasimama. Nilikuwa bado kwenye utangulizi Kinyozi alipouliza kwa sauti kama kuna mtu amekuja na mto wa kulalia. Ukumbi mzima kicheko. Huyu Kinyozi alikuwa kipa wa tatu wa Radi, maana yake tulikuwa na makipa watatu na wawili walikuwa afadhali. Leo ni mwenyekiti wa mashabiki. Ameniita Katibu wa Marehemu, na jina limeshika papo hapo.

Kisha akasimama mama mmoja wa kwenye matanuru ya matofali, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akasema hakuna nyumba mjini ambayo tofali lake halikupita kichwani kwa mwanamke. Akasema mabinti hawa walianza kucheza pale pale penye kuanikia matofali, magoli ya matofali, na aliyeanguka aliinuka mwekundu. Basi timu iitwe Tanuru, na jezi ziwe rangi ya moto.

Watu wakalipuka. Tanuru! Shimo la moshi!

Ikapigwa kura ya mikono. Radi ilipata mikono mitatu: wangu, wa Dereva mstaafu, na wa Fundi Saa, ambaye nje aliniambia alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Walipoanza kuzungumzia mechi ya ufunguzi na timu ya wageni, nilitoka. Kupinga.

Jumanne, 3 Juni

Mjukuu wangu amekuja jioni. Huyu tumemlea mimi na bibi yake tangu akiwa wa kubebwa. Alikuwa halali mpaka nimwimbie ubeti wa tatu wa wimbo wa Radi, ule wa mawingu. Sasa ni kipa wa Tanuru, na viwiko vyake vina makovu ya matofali yote ya mji.

Habari aliyoleta: Jumamosi, kwenye mechi ya ufunguzi, wachezaji hawataingia uwanjani wameshika mikono ya watoto kama wanavyofanya kwingine. Kocha amekataa. Kila mchezaji ataingia ameshikwa mkono na mtu aliyemlea. Wenzake wamechagua mama, shangazi, dada. Yeye amenichagua mimi. Bibi yake akadai haki yake, akisema soksi za matope zote alifua nani? Akajibiwa kwamba Bibi atakaa jukwaa kuu kwenye kiti chenye mto, ila mkono ni wa Babu.

Nikakohoa. Sebule ilikuwa na vumbi.

Akanikabidhi jezi. Rangi ya moto. Mgongoni, kwa herufi nyeupe nene: BABU. Nikamweleza kwa upole kwamba wadhifa wangu ni Katibu. Akacheka, akasema makatibu wako wengi. Kwamba ana ombi moja tu, niivae. Nikamwambia nitalifikiria.

"Usifikirie, Babu. Vaa tu."

Wazo limeniingia akiwa bado mlangoni. Kamera zitakuwepo. Mzee anayemwingiza kipa uwanjani huonwa na kila mtu. Je, kama mzee huyo amevaa damu ya mzee na nyeupe? Na wazee wote wa Radi wakawa jukwaani wamevaa vivyo hivyo, wakiimba? Mji utakumbuka wenyewe. Tanuru litazimika bila mtu kulimwagia maji.

Alhamisi, 5 Juni

Jezi za Radi nilizozitunza sandukuni zimeliwa na nondo. Zimebaki kola. Nondo ni mdudu asiyejua historia.

Sikukata tamaa. Nimenunua fulana nyeupe na rangi ya kuchovya. Maelezo ya pakiti yalisema sufuria kuukuu na glavu za mpira. Glavu ni za watu wasiojiamini. Sufuria kuukuu hatuna, kwa hiyo nilitumia ile kubwa ya mke wangu. Rangi imekolea! Fulana zimekolea, sufuria imekolea, mikono yangu imekolea mpaka kwenye vifundo. Sabuni haikusaidia. Mafuta ya taa hayakusaidia.

Mke wangu aliporudi aliitazama mikono yangu, akauliza maiti nimeificha wapi. Kuhusu sufuria alisema kuanzia leo chakula kitapikwa kwenye kofia yangu. Anaponikasirikia huniita Katibu. Leo nimekuwa Katibu tangu saa nane.

Fundi Saa na Dereva walikuja kujaribu. Ya Fundi Saa safi. Ya Dereva imesinyaa majini, inaishia juu ya kitovu. Aliuliza kama Radi ilikuwa na rangi rasmi ya tumbo. Nimemsamehe, tuko wachache.

Mjukuu alipiga simu kuuliza kama jezi yake imenitosha. Nikasema mambo yako vizuri, kauli ambayo si uongo. Akaanza kusema kitu, kwamba kuna jambo kuhusu jezi za wageni. Nikaona hapa ndipo mahali pa kumfafanulia tofauti kati ya jezi na urithi. Nilifafanua mpaka simu ikakata. Ni yeye aliyeishiwa muda wa maongezi. Vijana hawajipangi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Kinyozi kunyoa ndevu na kupeleleza. Duka lake kalipaka rangi ya moto, nje na ndani, hata mguu wa kiti. Mtaa mzima umeingiwa na wazimu huo. Akina mama wa matanuru wamepanga matofali kandokando ya barabara mpaka uwanjani, kila moja lina jina la mchezaji kwa chokaa. Nililiona la mjukuu wangu. Limepinda kidogo. Nililinyoosha kwa mguu, basi.

Kinyozi aliiona mikono yangu. Nilikuwa nimeificha chini ya shuka, nikasahau, nikajikuna sikio. Akatazama rangi, akatazama juu, akafikiri. Halafu akafurahi kwa namna ambayo sikuipenda. Akauliza marehemu ataletwa uwanjani na waombolezaji wangapi. Wembe ulikuwa kooni kwangu. Akaendelea peke yake: Katibu asiwe na wasiwasi, watu wa rangi hiyo kesho wametengewa sehemu yao maalumu, tena yenye ulinzi. Na kama miguu ya Katibu itamtetemeka, yeye atakuwa jirani, binti hataingia mkono mtupu.

Sehemu maalumu, yenye ulinzi! Wameanza kuogopa.

Jumamosi, 7 Juni

Nitaeleza bila kuongeza chumvi. Haihitaji.

Mke wangu alitangulia. Mimi na Dereva tulimngoja Fundi Saa, ambaye hajawahi kufika mahali kwa wakati tangu nimjue. Tulifika getini uwanja umeshajaa, ngoma zinalia. Getini alisimama binti mwenye koti la kung'aa na redio ya mkononi. Alipotuona akatabasamu. Wageni, karibuni sana, poleni na safari, geti lenu ni lile la kule.

Poleni na safari! Mimi, niliyezaliwa mitaa miwili kutoka hapo! Dereva akajibu tumeshapoa.

Ndipo nilipolitazama geti la kule. Basi limesimama. Wanashuka watu. Damu ya mzee na nyeupe. Mmoja, wawili, basi zima. Hata kola.

Nikamwambia binti mimi ni babu wa kipa. Akasema mzee wangu, leo kila mzee ni babu wa kipa. Lakini akauliza kwenye redio, naam, nikasikia kwa masikio yangu: kipa yuko mlangoni mwa uwanja, kakataa kupanga mstari, anamngoja babu yake, aletwe mbio. Binti akabadilika. Akaomba radhi kwa heshima zote. Akasema kuna jambo dogo tu, rangi ya wageni haipiti geti hili, ni amri, nivue hiyo na kuvaa nyingine. Akaonyesha mfuko niliobeba. Jezi ya moto ilikuwa inachungulia. Mke wangu aliitia humo bila idhini yangu.

"Vua, vaa, pita. Fanya hima, babu yangu, wanakungoja."

Sasa niulize: mtu aliyeishi maisha yake yote na rangi moja anaivuaje getini kama mwizi wa nguo? Nilimwambia sivui, na kwamba kuna sababu. Akasema sawa, sababu atazisikia baadaye. Nikasema ni fupi. Nikaanza na mwaka wa kuanzishwa. Nikapitia kamati ya kwanza. Redio ikaita, binti akanyoosha mkono kunivuta, nikamwomba asinikatize. Nilikuwa nimefika kwenye tarumbeta tuliyoazima na haikurudi, uwanja uliponguruma.

Kupitia wavu niliwaona wakitoka. Mama na binti, shangazi na binti. Mbele kabisa, kipa wetu, shingo ameigeuzia getini. Mkono wake umeshikwa na Kinyozi. Alikuwa analia, mnafiki yule, anapungia watu na kulia.

Tukapelekwa kwa wageni. Watu wema, sina budi kusema. Walitusogezea nafasi, wakamstahi Dereva na tumbo lake. Hawakuwa na wimbo. Watu wametoka mbali namna ile hawana wimbo! Fundi Saa akaanza kuimba kidogo kidogo, nami ningemwachaje? Kufikia ubeti wa pili jukwaa zima lilikuwa linaitikia. Miaka yote hii sijausikia ukiimbwa na watu wengi kiasi kile. Nilisimama juu ya benchi.

Kipindi cha pili lango lilikuwa mbele yetu. Mjukuu wangu mgongo kwetu, vidole vimetanuka, wageni wanapiga mpira wa adhabu. Tulikuwa ubeti wa tatu, wa mawingu. Akageuka. Si sana. Kama mtu aliyeitwa. Mpira ukaingia.

Moja bila. Ndivyo ilivyoisha.

Kipa hageuki. Hilo ni somo la kwanza kabisa. Nitamweleza.

Jumapili, 8 Juni

Video imesambaa. Wageni wanauimba wimbo wetu ndani ya basi njia nzima. Penye neno Radi wametia jina la klabu yao, na linaingia vizuri, kwa kuwa mizani niliipanga kwa uangalifu. Beti zangu zimeondoka na basi. Kinyozi kaning'iniza kibao dukani kuwashukuru wageni kwa kutuondolea mzigo.

Mke wangu hasemi nami. Anasema "Mwambieni Katibu chakula tayari," na nyumbani tuko wawili.

Mchana mjukuu alipita. Sikusema habari ya kugeuka, niliona nimwachie apumzike. Aliniamkia akiwa amesimama. Akaniuliza hali ya mikono, kama rangi imeanza kutoka, akashauri limau. Akamkumbatia bibi yake. Mlangoni akasema:

"Haya, Katibu. Nakwenda mazoezini."

Katibu! Hatimaye. Wadhifa umetambuliwa, tena na mtu wa nyumbani. Nilikuwa nikilitaka neno hilo. Sijui kwa nini chai niliimwaga nje. Labda sufuria.

Jumatano, 11 Juni

Nimelala vizuri. Nimefikiri. Kosa nimelijua.

Kosa lilikuwa kitambaa. Fulana za dukani, za mtu yeyote, ndiyo maana getini wakatuona wageni. Ningevaa jezi halisi ya Tanuru, yenye nembo yao kifuani, ila katika rangi sahihi, nani angenizuia? Geti lao, nembo yao, rangi yetu. Sijui ilikuwaje sikuliona mapema.

Mechi ijayo ya nyumbani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nasikia Kocha kaamua aliyeshika mkono siku ya kwanza ataushika msimu mzima. Mke wangu ananishauri niende kwa mjukuu, nikae, ninyamaze, nisikilize. Ushauri wa watu waliokata tamaa. Huwezi kwenda kwa mtu bila mpango.

Basi leo, mke wangu alipokwenda sokoni, niliitoa jezi kwenye mfuko. Ilikuwa bado imekunjwa alivyoikunja yeye. Nikawasha jiko. Sufuria imeshaharibika, hapo hakuna hasara mpya. Moto wa wastani, kijiko cha chumvi, kukoroga pole pole.

Imekolea kuliko zile za kwanza! Damu ya mzee hasa. Nimeianika nyuma ya nyumba, mbali na macho ya watu. Tatizo ni moja tu, herufi za mgongoni. Ni za plastiki, hazikunywa rangi hata tone. Ziko vile vile, nyeupe pe, zinasomeka kutoka jikoni.

Si neno. Kesho nitapita kwa Kinyozi kuazima wembe, nizibandue moja moja. Nimepima nafasi: KATIBU itaenea.