Mtu wa Kanzu Kwenye Mlango wa Choo

Mwinyijuma Shekhe,
Ngamiani,
Tanga.

Kwa: Ndugu Wilfred,
Mwenyekiti,
Kamati ya Ujenzi wa Choo cha Soko.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MCHORO ULIOPO MLANGONI PA CHOO NA NDOA YA MWANANGU INAYOTAKA KUVUNJIKA KWA AJILI YAKE

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako. Mimi ni Mwinyijuma Shekhe, niliyekuwa na bucha, yule mzee uliyemtangaza kwa kipaza sauti Ijumaa ya uzinduzi kwamba ameingia choo cha akina mama. Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki iliyopita. Sasa nimebaki na hoja tu, nami nimezipa namba ili kamati isipate taabu ya kuzikwepa.

Kwanza tukumbushane. Siku ile nilivaa kanzu yangu nyeupe, kama mwanamume yeyote wa hapa anayejiheshimu siku ya Ijumaa. Utepe ulikatwa, ukaanza hotuba, na hotuba yako ikaenda mbali kuliko kibofu cha mtu wa umri wangu kinavyoweza kuisindikiza. Nikachukua kopo la maji nikaelekea chooni. Milango miwili, wala hakuna maneno. Mlango wa kulia amechorwa mtu mwenye vazi refu lililopanuka chini. Wa kushoto amechorwa mtu wa miguu miwili iliyoachana, nguo haionekani. Nikautazama mchoro wa kulia, nikajitazama mwenyewe, nikaona ni mimi. Nikaingia. Ndani nikagongana uso kwa uso na Bi Chiku, yule mjane anayeuza viungo pale lango la soko, naye ana kopo lake mkononi.

Wewe ni mtu wa milimani, huenda kwenu haya mambo yana wepesi wake, basi nikueleze. Bi Chiku ni mama yake Saumu, na Saumu ni mchumba wa mwanangu Uweso. Posa ilishajibiwa, siku ya nikahi ilishatajwa. Kwetu sisi mkwe haangaliwi machoni, seuze kukutana naye chooni kila mtu na kopo lake. Alijifunika uso kwa mtandio akasema maneno matatu tu:

"Mkwe, hata huku?"

Tukatoka kwa pamoja, jambo ambalo lilikuwa kosa jingine, kwa sababu umati wote wa uzinduzi ulikuwa umegeukia huko. Waliobaki kukusikiliza wewe walikuwa wajumbe wa kamati peke yao.

Tangu siku hiyo Bi Chiku amefunga meza yake ya viungo. Amemtuma kaka yake kuja kutuambia kwamba nikahi isimame kwanza, mpaka ijulikane nyumba yetu ina mzee wa namna gani. Uweso hanilaumu. Ananiamkia shikamoo kama kawaida, anapita, halafu sahani yake inarudi jikoni na wali wake. Nimezaa watoto wengine, lakini huyu ndiye aliyekaa nami buchani hadi nikaacha kazi, na kumwona katika hali hii naumia sana. Nawe choo umekipiga kufuli "mpaka suala lipatiwe ufafanuzi", na soko zima limerudi kuombaomba vyoo vya misikiti. Haya, ufafanuzi ndio huu.

1. Mtu wa mlango wa kulia ni mwanamume. Vazi linaanzia mabegani, linashuka bila kubana popote, linapanuka chini. Hiyo ni kanzu. Nenda katazame watu wanavyotoka msikitini saa saba, kisha urudi kuutazama mlango. Walionicheka wanasema eti ni gauni. Gauni la nani? Tangu nizaliwe Ngamiani sijamwona mwanamke mwenye heshima zake aliyetoka nyumbani na gauni tupu, hana kanga, hana mtandio, akasimama mlangoni pa choo kuwaelekeza wageni.

2. Bi Chiku naye simlaumu, maana alivaa buibui. Buibui nalo linaanzia juu na kupanuka chini. Maana yake sote wawili tulijiona kwenye picha ileile. Mchoro mmoja umewaita pamoja watu wawili ambao heshima yao yote ni kutokutana.

3. Yule wa mlango wa kushoto yuko uchi. Sitalizungumza zaidi jambo hili.

4. Vichwa vyao havikuungana na viwiliwili. Kati ya kichwa na mabega pana nafasi nyeupe. Mimi nimechinja maisha yangu yote, ninajua kiumbe kikishafikia hali hiyo hakihitaji choo tena.

5. Hoja hii ni ndefu, naomba uvumilivu kama mimi nilivyoivumilia hotuba. Nilitaka kujua alama hizi zimetoka wapi, nikamwendea Mwalimu Godlisten, yule mstaafu Mlutheri anayekaa nyuma ya nyumba yangu, ambaye amesoma mpaka miwani imemchoka. Akaniambia asili yake ni Ulaya, kwenye stesheni za treni na viwanja vya ndege, ambako wasafiri wa lugha nyingi hukutana na hakuna anayeweza kusoma kibao cha mwenzake. Kwa hiyo wakachora mtu ambaye kila mmoja atamwelewa. Nikamuuliza, katika hao kila mmoja, alikuwepo mtu wa Tanga? Mwalimu akafikiri, akasema haamini kama alikuwepo.

Nikamuuliza tena, mbona lile kanisa la kwao milimani, alilowahi kunisimulia, lina jogoo juu ya mnara, na hakuna anayekwenda kuulizia kuku? Akanieleza habari ya Petro, jinsi alivyomkana bwana wake, na jogoo akawika. Nikaielewa palepale. Alama ile ina kisa chake, na kisa mtu anaweza kumsimulia mtoto akakikumbuka. Huyu wa chooni kisa chake ni kipi? Alikuwa nani, alitoka wapi, nani alimvua nguo? Mwalimu akasema muda wake wa kupumzika umefika.

Basi nikaanza kuzitazama alama zote za mji huu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tumezungukwa. Nilikwenda duka la dawa kutafuta kitu cha presha, presha ambayo imeletwa na kamati yako. Juu ya mlango pamechorwa nyoka anainamia kikombe. Ndugu Mwenyekiti, katika pwani hii mtu akiweka nyoka mlangoni kila mtu anajua ni mganga wa aina gani, na ni wateja gani wanaoingia wakiwa wamejitanda. Niliondoka. Mwalimu akaniambia eti nyoka huyo ni wa Wayunani wa kale. Sasa mimi presha yangu inahusiana nini na Wayunani?

Kwenye ukumbi mmoja wa harusi, juu ya mlango wa nyuma, kuna mtu wa kijani anakimbia. Nilikaa sherehe nzima nimeshika mfuko wa kanzu yangu.

Na moyo je? Uweso alikuwa akiletewa na Saumu alama ya moyo mwekundu kwenye simu kila asubuhi. Nimepasua vifua vya ng'ombe na mbuzi wasiohesabika. Moyo haufanani hivyo hata kidogo; ile ni picha ya makalio yaliyopinduliwa. Hata hivyo nakiri kwamba tangu uzinduzi wako haziji tena. Kila kukicha mwanangu anaitazama simu, anaiweka chini. Ningetoa chochote ziendelee kuja, hata kwa umbo lilelile la uongo.

Alama moja tu ninayoipongeza ni lile fuvu na mifupa kwenye transfoma. Ile haihitaji mwalimu.

6. Huenda kamati itauliza, kama hii haifai, tuweke ipi? Swali zuri, nami nimelifanyia kazi. Kwa wanawake jibu ni kanga, kwa sababu kanga inavaliwa na Waislamu, Wakatoliki, Walutheri na hata wasioeleweka. Shida ni sisi. Nilifikiri kofia ya viua, nikakumbuka wewe huivai, nawe unastahili kukojoa kama mtu mwingine. Nikafikiri ndevu, lakini wajumbe wako wawili wamenyoa. Nikafikiri baiskeli, ila hapa Ngamiani akina mama wanaendesha kutushinda. Nikamwambia mke wangu Shadya kwamba nimepata, tuchore jembe. Shadya akaniuliza mara ya mwisho nilishika jembe mwaka gani. Nikahamia kwenye kikombe cha kahawa, kwa sababu barazani kahawa ni ya wanaume. Shadya akasema watu watapanga foleni kuagiza.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, natambua kwamba mwanamume wa Tanga hana alama yoyote duniani inayomtambulisha isipokuwa kanzu, ambayo tayari iko kwenye mlango niliouingia. Hoja inarudi kulekule kwenye kamati.

7. Kwa sababu zote hizo naomba, kwa unyenyekevu, mambo yafuatayo. Michoro ifutwe. Kipaza sauti kilekile, siku ya Ijumaa na saa ileile, kitangaze kwamba Mzee Mwinyijuma hana hatia na ana akili timamu. Barua yenye muhuri wa kamati ipelekwe kwa Bi Chiku na isomwe mbele ya kaka yake. Kamati iwaandikie hao wa stesheni za Ulaya kuwataka waje wenyewe Tanga, siku ya Ijumaa, wasimame mlangoni pa msikiti na michoro yao mkononi, wamtambue nani mwanamke. Na mpaka watakapofika, duka la dawa, ukumbi wa harusi na simu zote za wilaya zifunike alama zao kwa kitambaa.

Sidhani kama nimeomba kikubwa. Nataka mwanangu aoe, na nataka niweze kupita lango la soko bila vijana wa mkokoteni kuniuliza kama leo nimevaa kanzu au gauni.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, pamoja na yule aliyekuwa akishika utepe. Msalimie mama watoto, na wazee wako huko milimani uwafikishie shikamoo zangu. Mwalimu Godlisten anakusalimu, ingawa ameomba jina lake lisihusishwe. Shadya hakusalimu kwa sasa.

Ni mimi, niliye nje ya mlango nikisubiri haki,

Mwinyijuma Shekhe.

TANBIHI: Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimeshaikunja barua hii, Mudathir akabisha hodi. Ni yule fundi rangi wako, aliyechora milango na kumalizia vyumba ndani, kisha akaenda kufanya kazi Ushongo kabla hata ya uzinduzi. Leo ndiyo karudi akayasikia. Amenichukua hadi chooni na ufunguo wake, akanifungulia mlango wa kushoto, ule wa mtu asiye na nguo. Ndani kuna kioo cha kujitazama, na misumari ya kutundika mabuibui, na ubao wa kulazia mtoto. Kule nilikoingia mimi hakuna hata kimoja. Nikamuuliza maana yake nini.

"Mzee, wewe uliingia kwako," akaniambia. "Mimi nilimchora marehemu baba yangu na kanzu yake. Huyu mwingine nikawaachia akina mama, maana hakubaki wa kumpa."

Kwa hiyo aliyeingia kwa wanaume ni Bi Chiku, na wewe ulitangaza bila kuuliza, na kamati nzima haikuwa imeingia ndani ya choo ilichokizindua.

Nimerudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Shadya kusikia tu akajifunga kanga, akawa anakwenda kuitangaza habari soko zima. Nikamwahi mlangoni. Akilini nilimwona Bi Chiku amerudi kukaa pale langoni na viungo vyake, kila anayenunua iliki anatabasamu. Mimi kwa kuchekwa nimeumia, nami ni mwanamume mwenye mke wa kunitetea ndani. Yeye yuko peke yake na binti yake, na aibu hiyo ikimfikia hatakuja kutazamana na nyumba yangu mpaka siku ya kufa. Ningeshinda kesi, Uweso akakosa mke. Na Bi Chiku hakunifanyia lolote baya. Alijiona kwenye picha, akaingia, kama mimi.

Ningeichana barua hii, ila uamuzi ni wako, nami nataka ujue kwa nini nakuomba uamue dhidi yangu. Isome peke yako, kisha uitie motoni. Mudathir yuko chooni hivi sasa anahamisha kioo, misumari na ubao kwenda mlango wa kulia, na ameapa kutosema. Ukifungua kufuli kesho, akina mama waingie kwa mtu wa kanzu, na wakikuuliza useme ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mimi na Uweso tunakwenda asubuhi kwa Bi Chiku, kumwomba radhi kwa kuingia choo cha wanawake.