Dessin Assisté, au Bustani ya Mama Kahambu

Jumatatu, 6 Februari 2023
Niandike wazi: bila mimi, Goma isingekuwa na jani moja la kijani. Maua yote toka Kituku mpaka uwanja wa ndege, wazo langu. Leo Mama Kahambu, mwenye nyumba ya wageni kule ziwani, amesema anatafuta mutu wa kumchorea bustani ndani ya ordinateur, ile kompyuta. Anayechora vizuri ndiye atapewa kazi. Nikamwambia nimeshawachorea mabalozi watatu. Anataka mchoro Jumamosi. Hiyo mashine sijawahi kuigusa. Si kitu. Baiskeli nilijifunza siku moja. Nilianguka, lakini nilijifunza.

Jumanne, 7 Februari
Kwa Rosine, mutoto wa dada yangu, mwenye cyber pale Birere. Nikamtuma anitafutie masomo ya kuchora bustani. Akapata video arobaini na mbili, za bure! Ya kwanza ikazunguka, ikazunguka, connexion ikakata. Akapata kitabu cha kurasa mia tatu. Kukichapa tu, courant ya umeme ikaenda. Nimetoka na nusu ya jalada: DESSIN ASSISTÉ. Rosine alitaka kunieleza nusu iliyobaki. Nikamkumbusha mimi nilifika secondaire ya pili. Nani hapa Goma hajui assisté? Ni mutu anayepewa assistance: unga, sabuni, bâche ya kujifunika mvua. Kumbe masomo yanagawiwa!

Jumatano, 8 Februari
Kambini Kanyaruchinya, asubuhi. Waliokimbia vita wamepanga mstari mpaka barabarani. Nikajiandikisha kama mutu aliyekimbia Kibumba. Wakauliza chifu wetu ni nani. Nikataja jina langu. Mwandikishaji akatazama tumbo langu, akanipa jeton ya kungojea zamu. Saa sita, zamu yangu. Nikaomba masomo. Wakanipa bâche. Ya mwisho! Mama aliyekuwa nyuma yangu, Nyirarukundo, mwenye watoto wawili, akabaki mikono mitupu. Hakulalamika. Aliuliza tu ni masomo gani. Nikamwonyesha jalada. Akacheka mpaka akakaa juu ya mawe.

“Papa, ni assisté par ordinateur. Mashine ndiyo inakusaidia kuchora. Siyo ONG ya kugawa misaada.”

Kumbe huko Rutshuru hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake! Masomo yote yamo ndani ya simu yake. Alikimbia nayo imefungwa kwenye kitenge. Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Alhamisi, 9 Februari
Nimempeleka kwa Rosine anifundishe. Sharti: asimwambie mutu. Swali lake la kwanza: échelle ya bustani ni ngapi? Kuuliza ni kujishusha, na nani hajui échelle ni ngazi? Nikaenda kwa jirani, nikaazima ngazi, nikaibeba kichwani toka Majengo. Niliporudi, wote wawili waliniomba niitue kwanza. Eti échelle ni kipimo: sentimita moja ya karatasi, mita moja ya udongo. Wazungu wamepungukiwa maneno, wanatumia moja mara mbili.

Ijumaa, 10 Februari
Yeye amechora. Mimi nimesimamia, macho yamefungwa.

Jumamosi, 11 Februari
Mbele ya Mama Kahambu, Nyirarukundo nyuma yangu amebeba mchoro. Akauliza kwa nini maua yako upande ule. Nikajibu haraka: jua letu linatoka ziwani. Akatazama ziwa. Akatazama jua, liko upande mwingine kabisa. Akamgeukia Nyirarukundo, ambaye alieleza yote kwa sauti ndogo: mawe ya volcano hayashiki maji, udongo uletwe kwanza, miti ikinge upepo.

“Wewe, mama, njoo na watoto. Kuna chumba nyuma, kazi ni Jumatatu,” akasema Mama Kahambu. “Na wewe, muzee, rudisha ngazi ya watu.”

Nani alimwambia habari ya ngazi?

Jumapili, 12 Februari
Ushindi! Mwanafunzi wangu amepata kazi. Nimeweka kibao mbele ya nyumba: BUSTANI KWA ORDINATEUR, PROFESA MUNEZERO. Darasa litakuwa chini ya bâche. Nyirarukundo ametuma mutu kuiulizia, anataka kumpa jirani yake wa Kanyaruchinya. Nimejibu iko kwenye matumizi ya shule. Rosine ameniazima ordinateur ya zamani. Tangu kutoka misa nimekaa mbele yake, wanafunzi wawili wanangoja nje. Niandike humu tu, mutu asisome: sijaona inawashwa wapi.