Nyumba Iliyotokomeza Maumivu

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa mimi, Lorne, kama Mkurugenzi wa Nyumba ya Wazee ya Poplar Bend, hapa mkoani Saskatchewan, nilitangaza Januari ile, mbele ya wafanyakazi wote na keki moja, kwamba nyumba yetu imetokomeza maumivu. Sikusema tumeyapunguza. Nilisema tumeyatokomeza. Wakazi sitini na wawili, wastani wa umri miaka themanini na sita, maumivu sifuri kwa miezi kumi na minne mfululizo. Cheti nilikitengeneza mwenyewe nikakitundika karibu na lifti.

Siri ya mafanikio ilikuwa fomu. Kila mkazi aliulizwa mara moja kwa wiki: "Kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?" Asiyetaja namba aliandikiwa sifuri. Wengi wa wakazi wetu wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa hiyo hawataji namba. Hutaja ng'ombe waliokufa zamani, au humwita mama. Utaratibu haukuwa na mwanya hata wa sindano.

Kisha Metro Pidskalny akaanza kupiga watu.

Mzee Metro ana miaka themanini na mitatu. Alilima ngano maisha yake yote, na alikuwa mpole kiasi cha kuamkia hata kabati. Februari ilipoingia, kila asubuhi akivalishwa shati alipiga ukelele uliofika jikoni, na ngumi ikafuata. Jumatatu ilimpata muuguzi kidevuni. Jumanne ilinipata mimi, niliyekuwa nimekwenda kuonyesha mfano wa uongozi.

Nikaitisha Kamati ya Kudumu ya Mienendo Isiyoafikiana na Utaratibu, ambayo mwenyekiti wake ni mimi. Tukafungua faili. Maumivu: sifuri. Pembeni mtu alikuwa ameandika jibu la mzee: "Ngano bado mbichi." Basi maumivu tukayaondoa katika sababu zinazochunguzwa, tukabaki na rangi ya mashati. Akanunuliwa mashati ya bluu. Akapiga watu akiwa amevaa bluu.

"Bosi," akasema Dading Magbanua, amesimama mlangoni na kapu la nguo chafu. Dading ni mhudumu aliyekuja kwetu kutoka Ufilipino miaka tisa iliyopita, na ndiye anayemvalisha Mzee Metro. "Huyu babu bega linamuuma."

"Amesema hivyo?"

"Hajasema. Lakini mkono wa kulia ukiingia kwenye shati, katulia tuli. Wa kushoto, hata sijaugusa, uso umeshajikunja."

"Uso hauna nafasi kwenye fomu, Dading."

"Basi fomu yenu haina macho."

Niliagiza maneno hayo yasiingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Kamati ikapendekeza dawa ya kumtuliza. Daktari wetu alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi yake aliiidhinisha kwa simu, akitegemea maelezo yangu, ambayo niliyaandika kwa ufasaha mkubwa. Dawa ilifanya kazi ajabu. Mzee Metro akaacha kupiga watu. Akaacha pia kula, akaacha kuamkia kabati, na siku ya nne akasinzia akielekea chooni, akaanguka na kupasuka juu ya nyusi. Akashonwa nyuzi sita. Katika ripoti ya mwezi niliandika: "Matukio ya ngumi: hakuna."

Alasiri ya siku aliyoanguka, mkewe, Bi Olha, akaja na bakuli la pirohi, vidonge vya unga vya kuchemsha alivyovijaza viazi. Aliziona zile nyuzi. Nikamfungulia chati ya ngumi, inavyoshuka vizuri.

"Kijana," akaniambia, nami nina miaka hamsini na saba, "bega la mume wangu unalijua?"

"Bega gani?"

"Alidondoka kutoka juu ya ghala la nafaka mwaka themanini na moja. Baridi ikikaza, linamla. Nyumbani nilimpa parasetamo na chai, nikangoja, ndipo nikamvalisha. Siku mlipompokea mliniuliza anapenda muziki gani. Bega hakuna aliyeniuliza."

"Mama, kuna kiambatisho ulipaswa kujaza..."

"Nitakijaza kwa bakuli hili, kichwani mwako."

Kisha akaketi kitandani, akaweka kiganja chake juu ya bega lile. Mzee alikuwa mzito kwa dawa, hakumjua mkewe. Ila alipoguswa alifumbua macho na kuguna, na Bi Olha akaondoa mkono haraka kama aliyeungua. "Nisamehe, Metro," akasema. "Nisamehe, nilikuacha na wasomi." Nikaifunga chati ya ngumi.

Daktari wetu, Kehler, alirudi kutoka likizo Jumatatu. Akalipima lile bega, akaisimamisha dawa ya kutuliza, akaandika parasetamo kwa kipimo, kila siku kwa saa zake, cha kwanza kabla ya kuvalishwa.

"Itamsaidia?" akauliza Bi Olha.

"Siwezi kukuahidi, mama. Wengine wenye ugonjwa huu hutulia maumivu yakipungua, wengine hakuna kinachobadilika. Tutampa, tutamtazama. Isipomfaa, tunaacha."

Siku ya sita Mzee Metro aliutoa mkono wa kushoto mwenyewe, akavalishwa bila kelele, akaliamkia kabati.

Kwa utawala hili lilikuwa pigo. Kama dawa ya maumivu imemsaidia, basi maumivu yalikuwapo, na cheti kiko ukutani. Lakini sikukaa bure, nikapiga hesabu: kama kila mkazi atapewa dawa ya maumivu, hakuna atakayeweza kuwa na maumivu. Nikaandaa azimio: plasta kali za maumivu, za kubandikwa kwenye ngozi, kwa wakazi wote wenye ugonjwa wa kumbukumbu, kuanzia Ijumaa.

Daktari Kehler alilisoma mara mbili.

"Lorne, unataka kuwaua?"

"Nataka kuwafariji kimfumo."

"Plasta hizi ni jamii ya mofini. Zitawalaza mchana kutwa, zitawafunga choo, zitawaangusha, zitawavuruga akili zaidi, na mwenye pumzi ndogo zitamwishia. Ukikimbilia dawa za kupunguza uvimbe, zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Hata hiyo parasetamo, ukizidisha, ini linakwenda. Yupo atakayehitaji dawa kali, na huyo nitamwandikia mimi, yeye peke yake. Dawa si rangi, useme unapaka nyumba nzima."

Azimio nikaliahirisha hadi hali ya uelewa itakapoboreka.

Machi akaja mkaguzi wa mkoa, Bi Arlette Gaudry. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye cheti. Alikitazama kwa muda ambao niliuchukulia kuwa wa heshima.

"Wazee sitini na wawili," akasema, "na hakuna hata goti moja?"

"Hata moja."

"Mimi nina hamsini na moja, na goti limenipigia kelele kwenye ngazi zako za mlangoni. Ama mmegundua dawa ambayo dunia haijaisikia, ama hamuulizi vizuri. Nani anawavalisha hawa watu?"

Siku nzima alitembea na Dading, kuanzia kifungua kinywa hadi kuogeshwa. Walirudi ofisini kwangu na orodha ya wakazi ishirini na watatu: mmoja anashika taya akila, mwingine analia akigeuzwa upande, mwingine amekataa kutembea tangu Krismasi. Wote, kwa mujibu wa nyaraka zangu, walikuwa sifuri.

Agizo lilikuwa fupi. Cheti kishushwe. Kamati ivunjwe. Wale ishirini na watatu waonwe na daktari, mmoja mmoja. Mkurugenzi apewe mafunzo ya vitendo kwa wiki sita chini ya usimamizi wa mhudumu Magbanua.

"Huyo ni wa daraja la chini," nikamkumbusha Bi Gaudry.

"Ndiyo maana anaona," akajibu.

Asubuhi ya kwanza, saa moja kamili, Dading alinikabidhi Mzee Metro na shati.

"Mkono unaouma unaingia kwanza, Bosi. Na usitazame vifungo. Mtazame usoni."

Nikamtazama usoni. Nikauingiza mkono wa kushoto polepole, kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa hata ripoti ya mwaka. Ukapita. Nilipoinama kufunga kifungo cha kwanza, uso wa mzee ukajikunja wote. Nikasimama papo hapo.

"Umeona nini?" akauliza Dading.

"Ana maumivu," nikasema. Lilikuwa neno geni mdomoni mwangu.

"Wapi?"

Nilikuwa bado natafakari majibu yanayowezekana, Mzee Metro akajibu mwenyewe, kwa sauti safi kabisa:

"Huyu bwana amenikanyaga kidole."

Nikautoa mguu. Dading akachukua daftari, akaandika, kisha akanigeuzia niweke sahihi: "Bega linaendelea vizuri. Chanzo cha maumivu: Mkurugenzi."