Nilivyoupima Uchachu wa Kenke ya Matanga

Jumatatu, 15 Januari

Leo nimethibitisha jambo nililolishuku siku nyingi: tangu mji wetu wa Teshie uwe Teshie, hajazaliwa mtu mwenye akili ya kemia kunizidi mimi, Odartei. Kidato cha pili nimekirudia mara mbili. Wengine wanaita kufeli. Mimi naita kukolea.

Na kazi ya ukubwa wangu imefika. Bibi yangu, Naa Korkoi, ana siri. Mafua ya harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi wa Januari, yamemwibia ulimi. Hasikii chumvi, hasikii pilipili, tangawizi anaitafuna kama karatasi. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka arobaini amejua unga wa kenke, yale madonge ya mahindi ya kuchachushwa na kuchemshwa, umechacha vya kutosha kwa kulamba kidole kimoja tu. Sasa analamba, kisha anautazama ukuta.

Na Jumamosi ni matanga ya Mzee Okantey, aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Kenke mia tatu, zote kutoka kwetu! Zikiharibika, jina la Naa linazikwa pamoja na marehemu. Nikajitolea kumwonjea. Akasema mimi hata wali ulioungua nausifu. Kweli.

Amenikataza kumwambia mtu, hasa Anti Fofo, muuza kenke wa ng'ambo ya barabara, ambaye ulimi wake ni mzima na mrefu.

Nikamwambia mambo ya ulimi yamepitwa. Shuleni tuna kifaa kama kalamu nene. Unakichovya, kinasema namba. Saba ni maji matupu. Namba ikishuka, uchachu unapanda. Akauliza kama kalamu hiyo ina mate. Nikacheka. Akaniamini. Maskini.

Jumanne, 16 Januari

Ufunguo wa kabati la maabara anao Sowah. Kiranja. Anatembea kana kwamba yeye ndiye aliyegundua maji.

Mbinu: nikamwendea Mwalimu Abladey, nikamwambia nimeokoka, nataka kuosha vyombo vyote vya maabara. Akanigusa paji la uso kama nina homa. Kisha akakubali. Kijanja nikamuuliza unga wa kenke uliokomaa husoma ngapi. Nne hivi, akasema. Nikaandika kwenye kiganja.

Ubaoni alikuwa ameandika: ncha ya kalamu isuuzwe kwa MAJI SAFI kila mara. Rahisi! Nikatimua mbio hadi getini, nikanunua vifuko vitatu vya Maji Safi, vya baridi kabisa. Sowah alicheka mpaka akashika meza. Ati maji safi ya mwalimu ni yale yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, si haya ya kung'ata pembe ya mfuko na kunyonya juani. Nikamwambia mfuko umeandikwa Maji Safi, sasa anabishana na maandishi? Akaniita mbuzi mwenye sare.

Jumatano, 17 Januari

Mahindi ya Naa yamesagwa leo. Unga umekandwa, umefunikwa. Saa inakwenda.

Mazoezi na Sowah. Nikaikausha ncha kwa shati, nikasugua vizuri kama kiatu cha Jumapili. Namba zikacheza ngoma ya kpanlogo. Sowah akafoka kwamba ncha ni ya kioo, haisuguliwi, inaguswaguswa tu kwa kitambaa. Nikaichovya kwenye chai ya moto. Akafoka. Maji ya limau yaleyale nikayapima mara tano, nikapata majibu matano. Akasema nisubiri namba itulie. Akaongeza kwamba mimi hata saa ya ukutani nikiisoma, itachelewa.

Mchana nikaisahau dirishani bila kofia yake. Ncha ikakauka kama samaki asiyepata mteja. Tukailoweka tena. Sowah akauliza mapenzi haya ya sayansi yametoka wapi. Nikamwambia damu.

Alipogeuka kufunga madirisha, kalamu ikaingia kwenye kopo langu la Milo, pamoja na bisibisi ndogo inayokaa nayo. Sikuiba. Nimeazima kimya kimya.

Alhamisi, 18 Januari

Kipimo cha kwanza, uani kwetu, mbele ya Naa. Nikasuuza (kwa Maji Safi, yamebaki vifuko viwili). Nikachovya. Nikasubiri, mikono nyuma kama daktari. Sita!

Naa akaruka. Akasema siku ya kwanza unga ndivyo ulivyo, haujui hata jina lake. Akaishika ile kalamu kama yai. Nikaona machozi. Akasema ni mafua.

Lakini asubuhi hizi za harmatani zina baridi, na unga wa baridi ni mvivu. Naa amesema wazi: kesho adhuhuri usipokuwa tayari, atakwenda kwa Anti Fofo, ambaye unga wake ulikandwa Jumatatu, wagawane kazi. Aibu nusu ni bora kuliko aibu nzima. Nikamwambia aondoe wasiwasi, ana mwanasayansi nyumbani.

Anti Fofo akapita, akanusa juu ya ukuta. Akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama siku hizi tunapika kenke au uji wa mtoto. Nikamjibu kwamba sayansi haijibizani na pua.

Ijumaa, 19 Januari

Adhuhuri. Naa amesimama, kitambaa kipya kichwani, shali begani, tayari kuvuka barabara kwenda kwa Anti Fofo. Nikachovya.

NNE KAMILI!

Nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Naa akavua shali, akapenga kamasi kwa furaha, akawasha moto. Mpaka jioni tumefunga kenke mia tatu kwenye maganda ya mahindi. Vidole vyangu havina ngozi. Naa anaimba nyimbo za kwaya za marehemu, kwa sauti isiyokuwepo kwenye muziki wowote.

Katikati ya kazi nilikimbia shuleni, nikairudisha kalamu kabatini kabla maabara haijafungwa. Sowah hakuona kitu. Kipofu mwenye ufunguo!

Jumamosi, 20 Januari

Sitaki kuandika.

Naandika. Nguo nyekundu na nyeusi za msiba kila mahali, mahema, spika. Kenke zikatolewa zikifuka moshi, pilipili, samaki. Mama mmoja akamega, akatafuna, akaacha kutafuna. Akamuuliza jirani kama huu ni mkate wa Krismasi. Mzee mmoja akaomba chai ya kuteremshia. Mwingine akasema Mzee Okantey ana bahati, ameshakula zake. Hazikuwa na uchachu hata wa kumdanganya mtoto. Samaki wakaisha. Kenke zikabaki zimekaa kama wageni wasioalikwa.

Wafiwa wakatuma mtu kwa Anti Fofo. Akaja na mabeseni mawili kichwani, yeye na binti yake. Hakucheka. Hilo liliuma kuliko kucheka.

Naa alikaa nyuma ya hema, anakunja maganda mojamoja, kama nguo. Aliniuliza swali moja tu: je, mashine nayo hupata mafua? Nikamwambia ndiyo, hasa mwezi huu.

Jumapili, 21 Januari

Uchunguzi wa kisayansi, kitandani. Washukiwa: Maji Safi ya mfuko. Baridi. Ile chai ya moto. Shati langu. Chupa ya maji ya saba ya maabara, yale ya kuhakikishia kalamu, iliyokaa wazi tangu muhula uliopita. Sowah na jicho lake la husuda. Mimi simo. Nimejitafuta kila mahali, sijajiona.

Naa ametoka kanisani akavuka barabara moja kwa moja. Amemwambia Anti Fofo siri yote. Kuanzia kesho, Anti Fofo atakuja kumwonjea unga kila asubuhi, bure, mpaka ulimi urudi. Wamekaa uani mchana wote wanachambua samaki. Mimi nimepita mara tatu. Hakuna aliyeniuliza namba yoyote.

Jumatatu, 22 Januari

Mwalimu Abladey aliichovya kalamu kwenye maji mapya ya saba, mbele ya darasa. Ikasema tano nukta nne. Akajaribu mengine. Kila kitu kimeshuka kwa kiasi kilekile. Akasema kosa la kuyumbayumba ni la upepo au la haraka, ila kosa linalolingana kila mahali lina mikono: mtu ameizungusha skrubu ya kurekebishia, hapo mgongoni. Sowah akanitazama. Nikasema labda ni harmatani. Nimepigwa marufuku kuingia maabara hadi Pasaka.

Si neno. Mama mpika sabuni wa nyuma ya kanisa amesikia nina utaalamu. Anataka sabuni yake ipimwe, isije ikababua watu. Nimemkubalia Alhamisi. Kalamu itapatikana. Kwanza nimemuuliza angependa namba ngapi.

Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, naandika mara moja tu. Ijumaa ile kalamu ilisema tano nukta sita. Ilitulia hapo, haikucheza. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa, mara ya kwanza maishani. Lakini Naa alikuwa ananitazama usoni, na alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikampa mgongo kidogo, nikaingiza bisibisi, nikazungusha mpaka ikasema nne.