Shati la Buluu Kwenye Banda la Vipepeo

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeelimika. Mtafiti wa banda la vipepeo, ninakofagia, amemaliza jaribio lake. Madume aliowafuta vidoa vyeupe vya mbawani kwa wino mweusi, majike wamewakataa. Wenye vidoa wamepokewa vizuri. Kumbe tatizo langu si sura, ni vidoa! Mkata tiketi wetu anatafuta wa kumsindikiza Jumamosi kwenye harusi ya dada yake. Nampenda mpaka nasahau kufunga mlango wa banda. Mpinzani wangu ni mtunza bustani, mtu wa ovaroli na matope. Dume lisilo na pambo hata moja.

Jumatano, 6 Machi
Shati tayari. Satini, buluu ya kumeremeta kama madume wakubwa wa bandani, vidoa vyeupe kila mahali. Fundi cherehani aliuliza kama ni la sarakasi. Mama kaliona, kacheka mpaka kakaa chini. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hajui sayansi.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Niliingia bandani kifua mbele, mkata tiketi akitazama. Madume wa buluu wakanivamia. Mtafiti akaniambia nisisogee, wananiona dume mwenzao aliyeingilia himaya yao. Nikakimbia. Nikaangukia beseni la mapapai yaliyooza, chakula chao. Sasa wakaja hata majike. Aliyeninyanyua ni mtunza bustani, nani mwingine. Wanafunzi waliokuja kutembea wakapiga makofi.

Ijumaa, 8 Machi
Nikajikaza kisabuni, nikamwomba mkata tiketi nimsindikize harusini. Akanitazama kwa huruma.

“Kaka yangu, mimi si kipepeo. Mtunza bustani huniuliza kila asubuhi mama yangu mgonjwa ameamkaje. Wewe hujawahi.”

Kaka! Bora angenitukana. Nimelia nyuma ya stoo, na shati halifuti machozi, satini hainyonyi maji.

Jumapili, 10 Machi
Jana wameenda harusini pamoja. Nasikia mtunza bustani alivaa ovaroli ileile, ila imefuliwa. Sawa. Nimekua. Mapambo ni bure, utu ndio kitu. Nitaanza kumjulia hali mama yake. Ila leo mtafiti kanieleza kuwa kuna madume wanaovuta majike kwa harufu. Harufu! Ndiyo maana! Mimi nilinuka mapapai. Kesho najimwagia manukato chupa nzima, kisha namuuliza mkata tiketi mama yake ameamkaje.