Nyimbo za Baba Mpishi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mgongo unauma. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Leo nikisafisha stoo ya marehemu mjomba hapa Gatitu nimepata santuri ya nyimbo za filamu ya "Baba Mpishi". Nzima kabisa, ndani ya gunia la maharagwe. Mjomba alikuwa dereva wa gari la sinema, lile lililozunguka vijijini, na filamu hiyo ndiyo iliyommalizia kazi. Mwaka wa 1979. Eti filamu ya familia: mke anaenda ofisini, mume anabaki nyumbani, anafunga mtoto mgongoni na kumenya viazi huku akiimba. Wanaume wa Gatitu walipiga kitambaa cha sinema kwa mawe hadi kikapasuka. Haikuonyeshwa tena.

Nitazitoa upya nyimbo hizo, niziuze kwa flashi. Kitu kilichopigwa mawe hakikosi wanunuzi. Nimemwambia mke wangu Nduta. Amesema sawa, kwa ile sauti aliyotumia nilipomwambia kuhusu biashara ya sungura.

Jumanne, 4 Machi
Kwa Kioko, mwenye studio juu ya duka la mbolea mjini. Ni yeye tu aliye na mashine ya santuri. Tukaiweka. Baba Mpishi akaimba kama kifaranga! Nikadhani ndiyo maana walirusha mawe. Kioko akasema ni spidi, akaipunguza. Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka. Hata mimi niliketi.

Shida moja. Kwenye wimbo wa tatu kuna mtoto analia huko nyuma, karibu wimbo wote. Nikamwambia Kioko amfute. Akauliza kama nina hakika. Nikasema mteja ni nani hapa? Kazi ya siku nzima. Nimechoka kumtazama akiifanya.

Jumatano, 5 Machi
Mabango yametoka. SAUTI YA MAREHEMU DEDAN GITHINJI. FILAMU ILIYOPIGWA MAWE! Sijui kama huyo Dedan, mwimbaji aliyeandikwa kwenye santuri, alikufa, lakini imepita miaka arobaini na sita, na marehemu hana maneno mengi. Nimebandika mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Miguu imevimba.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna aliyekasirika. Hata mmoja! Bila ugomvi nani atanunua? Nilipita sokoni nikaona vijana wawili wamefunga watoto kifuani, wanachagua maparachichi bila aibu. Nikaenda kwa Pasta Muriithi kumwomba azikemee nyimbo hizi madhabahuni, kwa nguvu kama anaweza. Akasikiliza zote, akafuta macho, akauliza kama zinaweza kuimbwa Jumapili ya akina baba. Kumbe alilea mapacha wake mwenyewe, mama yao akiwa hospitalini. Nikatoka bila kumaliza chai.

Nje nikamkuta Kahiga, yule mpiga video za arusi, mtu ambaye hajawahi kunifurahia. Amesimama mbele ya bango langu, anacheka mpaka anashika ukuta. Eti Desemba alipiga video ya arusi kule Kianyaga, na mzee aliyeombea chakula aliitwa Dedan Githinji, wa Baba Mpishi.

Marehemu yuko hai. Nimelala na viatu.

Jumamosi, 8 Machi
Kianyaga. Nimemkuta mzee nyuma ya nyumba akianika kahawa. Mjukuu wake, Anita, alikuwa ameshamwonyesha bango kwenye simu. Mzee akanikaribisha, akanipa kiti.

"Kijana," akasema, "mazishi yangu ilikuwa na watu wengi?"

Nikaomba msamaha. Nikasema ni makosa ya mchapishaji. Anita akaguna.

Mzee hana hasira, amechoka tu, kama mimi. Akasema baada ya yale mawe wanaume wa Gatitu waliacha kumsalimia. Wakamwita Mama Ngendo, kwa sababu mtoto wa kwenye filamu alikuwa wake wa kumzaa, Ngendo. Baba yake mzazi akamwambia atafute pengine pa kuishi. Ndipo akaja huku kwa kahawa. Filamu yenyewe hajawahi kuiona hadi mwisho.

Nikamwomba ruhusa ya kuziuza nyimbo zake, na nikaona niwahi kabla hajakataa. Nikamwekea wimbo wa tatu kwenye simu. Akainamisha kichwa. Ulipofika katikati akanishika mkono.

"Mtoto ako wapi?"

Nikauliza mtoto gani.

"Ngendo. Alikuwa analia. Mimi nilikuwa naimba ndio anyamaze."

Anita akasema polepole kwamba Ngendo alikuwa mama yake. Walimzika mwaka juzi.

Nikasema ni mashine. Nikatoka nje kumpigia Kioko. Kioko akasema aliweka nakala ya kwanza bila kuigusa, alijua tu nitaitaka. Akaituma.

Mzee alishika simu kwa mikono miwili. Mtoto akalia. Mzee akaanza kuimba chini chini pamoja na ile sauti yake ya ujana, na karibu na mwisho kilio kikapungua, kikaisha, ikabaki sauti ya kisu na viazi.

"Alinyamaza," akasema. "Hiyo nilikuwa nimesahau."

Ameniruhusu. Sharti moja: mtoto abaki. Nimekubali. Njia nzima kurudi macho yaliniwasha. Nadhani ni vumbi.

Jumapili, 16 Machi
Jumapili ya akina baba. Ukumbi wa kanisa ulijaa, watu mpaka madirishani. Niliweka meza yangu ya flashi mlangoni, pahali pazuri kabisa. Mzee Dedan akaimba akiwa ameketi. Alipomaliza, mzee Wahome wa hapa Gatitu akasimama kwa mkongojo. Akasema siku ile naye alirusha jiwe. Moja tu. Na halikufika.

Dedan akauliza lilikuwa kubwa kiasi gani.

Wahome akaonyesha kwa ngumi. Wakacheka mpaka wakakohoa, kisha wakashikana mikono na hawakuachana. Wanaume walipenga kamasi kila upande.

Flashi haikununuliwa hata moja! Kila mtu alirekodi kwa simu yake. Tulipokuwa tunakula, Gatitu yote ilikuwa na wimbo, mtoto akiwemo. Kahiga ameshampangia mzee kuimba kwenye arusi tatu. Hakuna aliyeuliza ni nani alipata santuri.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua imeanza. Nimefikiri sana na nimeona kosa liko wapi. Watu hawataki nyimbo, wanataka kuona. Nitaitengeneza filamu yenyewe upya, na Baba Mpishi nitakuwa mimi! Uso ninao. Naandika tangu asubuhi.

Nduta ana homa, amelala tangu jana. Sasa hivi ameita kutoka chumbani kuuliza nani atapika. Sikutaka kumkasirikia mgonjwa. Nimemweleza kwa upole kwamba nimefika pale baba anapomenya viazi, na ndipo pagumu kuliko pote. Apumzike kidogo kwanza. Viazi vitamngoja.